Kamba ya Chaki ya Mama Jescah

Swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika ualimu wangu halikutoka kwa mwanafunzi. Lilitoka kwa mama mmoja aliyekuja shuleni kwetu Musanda kuomba vipande vya chaki vilivyobaki.

"Mwalimu Osiako," akasema, "mvua ilikata Disemba. Sasa ni Februari. Hii maji ya Shikhondi inatokanga wapi?"

Nikamjibu kama nilivyowajibu watoto kwa miaka ishirini na mmoja, kwamba mito hutoka milimani.

"Shikhondi inaanzia chini ya shamba ya Mathew," akasema. "Mlima ya Mathew iko wapi?"

Walimu wenzangu walicheka hadi chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilimpa chaki aende zake, nikabaki na hasira wiki nzima, maana hakuna kinachomuudhi mwalimu kama swali zuri kutoka kwa mtu asiyevaa sare.

Huyo ndiye Edah, mke wa Wanzala mchimba visima. Kijiji kizima kinamwita Mama Jescah, kwa jina la bintiye wa kwanza. Aliishia darasa la saba. Ana miwa kidogo, mahindi kidogo, na kuku wasioheshimu mpaka wa jirani, nami ni jirani. Ukimpita njiani akiwa na jembe begani hutageuka kumtazama mara ya pili. Mimi nimegeuka, na nimechelewa kugeuka, ndiyo sababu naandika haya.

Mambo yalianza mwaka wa 2013, alipokuja binti wa chuo kikuu aitwaye Mitchel. Alikuwa akisomea maji yaliyo chini ya ardhi na jinsi yanavyoungana na mito. Alitaka visima vya bonde letu vipimwe kila asubuhi, akawagawia watu wanane kamba na daftari. Mwaka wa 2016 masomo yake yalikwisha, akatuaga kwa soda, akaenda zake. Watu saba walichukua zile kamba wakafungia ng'ombe. Mama Jescah alinunua daftari jipya.

Kazi yenyewe ni hii. Kamba ina fundo kila futi moja, na mwishoni imefungwa nati kubwa ya trekta ili izame. Mama Jescah hupaka chaki futi chache za mwisho, huiteremsha kisimani hadi fundo analolijua, kisha huivuta. Chaki ikilowa hubadilika rangi, naye huona pale maji yalipofika, akatoa urefu uliolowa, akaandika. Halafu huteremka hatua themanini hadi kwenye chemchemi ya kijiji, ile yenye ukuta wa saruji na bomba moja, akaweka mtungi wa lita ishirini chini ya bomba na kuangalia kwenye simu unajaa kwa dakika ngapi. Mwisho hupita kwenye kijiti alichokisimika mtoni Shikhondi, mahali maji ya chemchemi yanapoingia, akaandika pia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila siku. Krismasi anapima, na Pasaka anapima kwanza ndipo aende kanisani.

Daftari lina safu nne: kisima, chemchemi, mto, maelezo. Mitchel alimwambia safu ya maelezo isiachwe wazi hata siku moja, kwa sababu namba bila sababu ni kelele tu. Basi Mama Jescah aliijaza. "Mvua kubwa usiku." "Ng'ombe ya Mathew imeangusha kijiti." "Nzoia imefura." Safu hiyo ndiyo niipendayo kuisoma. Kuna siku ameandika, "Hakuna kitu. Jua tu."

Kutokana na daftari hilo alinifundisha jambo ambalo sikulikuta katika kitabu changu cha mwalimu. Wakati wa kiangazi mto wetu hauna maji yake mwenyewe. Unakunywa kutoka kwenye udongo, kupitia chemchemi na kingo zake. Kisima kikishuka, chemchemi inalegea, na kijiti mtoni kinaonyesha siku hiyo hiyo au kesho yake. Lakini mwezi wa tano Nzoia, mto mkubwa ambamo Shikhondi huishia, ikifura kwa mvua ya huko juu Likuyani, inaisukuma Shikhondi irudi nyuma, na visima vya ukingoni vinapanda hata kama kwetu hakujanyesha. Mto nao unainywesha ardhi.

"Ni maji moja, Mwalimu," aliniambia, "ila inahamanga nyumba."

Nilianza kuwafundisha watoto hivyo. Sikuwaambia nimetoa wapi. Niliona haya, na leo nasema wazi kwamba ilikuwa kiburi.

Aliyemwelewa tangu mwanzo ni mumewe. Wanzala alikuwa mtu wa maneno machache na mabega mapana, aliyetumia nusu ya maisha yake akiwa chini ya ardhi na sururu. Visima vingi vya bonde letu ni mkono wake, na hicho cha nyumbani kwake ndicho cha kwanza. Mkewe akipima, yeye alishika taa. Akiugua homa, alishika taa akiwa amejifunika blanketi.

Wanzala alifariki Februari 2019, kwa shinikizo la damu. Jumatano mwili uliletwa nyumbani, na Jumamosi tukamzika. Watu walikuja kutoka Mumias, kutoka Lubao, kila mahali alipowahi kuchimba. Kulikuwa na mahema matatu, na sufuria za obusuma, ugali wetu, ambazo mtu angeweza kuogea ndani. Kwa desturi yetu mjane hukaa karibu na jeneza, hatoki nje ya boma mpaka mumewe azikwe. Mama Jescah alikaa. Lakini kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu aliinuka, akachukua kamba yake, akapima kisima mbele ya wanawake waliokuwa wakichota, kisha akateremka kwenye chemchemi akiwa na leso ya msiba kiunoni.

Mathew, mdogo wake Wanzala, ndiye aliyesimamia matanga. Alimkuta njiani asubuhi ya kwanza.

"Mulamwa," akamwita, kama tunavyoitana mashemeji, "unaenda wapi?"

"Kupima. Narudi sasa hivi."

"Ndugu yangu yuko ndani ya sanduku, na wewe unaenda mtoni? Unataka kupelekea maji kifo?"

Mama Jescah akampita, akaenda. Nilimuuliza baadaye kwa nini alienda, akaniambia kwamba wiki ile kila kitu kilikuwa kimehama mahali pake, na kile kipimo ndicho kitu pekee ambacho mikono yake ilijua kukifanya bila kulia. Mimi namwamini.

Sasa sikiliza balaa. Kufikia Ijumaa chemchemi ililegea. Bomba ambalo halikuwahi kulegea hivyo ndani ya siku mbili likawa linatiririka kama mtu anayekojoa kwa shida. Foleni ikawa ndefu. Nani hakuona? Jumamosi tukazika, Jumapili wageni wakaondoka, Jumatatu wazee wa kanisa wakaja kumwombea mjane, na kabla wiki hiyo haijaisha chemchemi ikarudi sawa. Kijiji kikafunga hesabu. Mjane alibeba kifo akakipeleka kwenye maji, na sala zikakitoa. Lisemwalo lipo, watu wakaambiana, kana kwamba methali ni ushahidi.

Tangu siku hiyo hakupewa nafasi ya mbele kwenye foleni. Akiweka mtungi wake wa kupimia, mwenzake aliusogeza kwa mguu, bila ugomvi, bila neno. Alisubiri wote wamalize. Mathew hakumsalimia tena. Nami, niliyekuwa nikifundisha sayansi, nilinyamaza. Miaka sita.

Mambo yalibaki hivyo hadi mwezi wa kwanza mwaka huu, kilipoletwa kisima cha mashine. Kampuni moja ilikuja kuchimba kisima kirefu chenye pampu ya umeme, maji yapandishwe kwenye tangi na kuteremkia sokoni na shuleni. Kila mtu alifurahi, nami nikiwemo. Mathew, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya maji, alijitolea kipande cha shamba lake karibu na nguzo ya stima. Kipande hicho kiko hatua hamsini juu ya kisima cha Mama Jescah, na kisima chake kiko juu ya chemchemi.

Mkutano ulifanyika katika darasa langu la zamani, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Injinia alikuwa kijana mpole aitwaye Weldon, mwenye viatu vyenye matope ya kweli, jambo lililonifanya nimpende. Alieleza vizuri. Alipouliza kama kuna swali, Mama Jescah alisimama nyuma kabisa.

"Injinia, mkivuta maji hapo juu, chemchemi itakauka Januari. Na Shikhondi itafuata."

Minong'ono ikaanza. Nilisikia mtu akisema, "Yeye tena, na hiyo chemchemi."

"Mama, sisi tutaenda chini sana," Weldon akasema. "Maji ya chini sana mara nyingi ni tofauti na ya chemchemi."

"Mara nyingi," akasema Mama Jescah. "Si kila mara. Angalia kitabu."

Akapita katikati ya madawati na madaftari kumi na mawili kwenye mfuko wa unga, akayaweka mezani. Weldon akaanza kufungua kwa adabu tu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi. Kisha akavuta kiti, akakaa. Akasoma kwa muda mrefu hadi watu wakaanza kukohoa.

"Nani amefanya hii kazi?" akauliza.

"Mimi."

"Miaka kumi na mbili?"

"Mwezi wa tatu ndio itafika kumi na mbili."

Nilihisi fahari, fahari ambayo sikuwa na haki nayo. Lakini Weldon alikuwa amefika kwenye ukurasa mmoja, na uso wake ukabadilika.

"Mama, hapa kuna tatizo. Februari 2019. Kisima kiko futi ishirini na moja, halafu ghafla kinashuka mpaka ishirini na sita kwa siku nne. Mtungi ulikuwa unajaa kwa dakika tatu, hapa ni dakika tano na nusu. Halafu siku chache tu, kila kitu kinarudi bila mvua. Kiangazi hakifanyi hivyo. Na kila mahali umeandika maelezo isipokuwa hapa, safu iko wazi. Ulikosea kupima?" Akalifunga daftari polepole. "Kama ulikosea hapa, sitajua umekosea wapi kwingine. Siwezi kuhamisha mradi kwa kitabu cha namna hii."

Wote tuliijua ile Februari. Nilimtazama Mama Jescah, naye akawa anautazama ubao ambao haukuwa na kitu.

"Sikukosea," akasema. "Hiyo ni wiki nilizika mzee wangu."

"Pole sana, mama. Lakini matanga inashushaje kisima?"

"Watu walikuja. Tulichota."

Weldon akafungua daftari tena haraka. "Mlichota hapo kisimani? Kiasi gani?"

Mama Jescah akaanza kuyapanga madaftari mengine.

"Mama, nikijua kiasi gani, hii si kosa tena. Hii ni kama sisi tunavyofanya, tunavuta maji kwa nguvu siku kadhaa tuone ni nini kinashuka. Ni pipa ngapi kwa siku?"

"Hiyo sitasema," Mama Jescah akajibu. "Maji ya matanga haihesabiwangi."

Injinia ni mtu wa mbali, alishangaa. Sisi hatukushangaa. Kwetu, mwenye msiba hahesabu. Hahesabu ng'ombe waliochinjwa, hahesabu sahani, hahesabu kuni. Akihesabu ni kama anawadai watu machozi yao. Ndipo nikaelewa, nikiwa nimekaa kwenye dawati nililowahi kuwachapia watoto wakichelewa kuelewa. Safu ile haikuachwa wazi kwa kusahau. Mama huyu alijua tangu 2019 kilichoilegeza chemchemi. Ni sisi. Tulikunywa, tukapika, tukaosha vyombo kwa maji ya kisima chake, chemchemi ikapungukiwa, kisha tukamsukumia yeye lawama. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe tulikuwa tumevaa sisi. Angeweza kujitetea kwa mstari mmoja tu, lakini mstari huo ungewahesabia watu waliokuja kumlilia.

Nilitaka kusimama. Lakini idadi sikuijua.

Aliyesimama ni Mathew.

Alisimama polepole, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na hakumtazama shemeji yake. Alimtazama injinia.

"Pipa ishirini na mbili," akasema. "Kila siku, kwa siku nne. Mimi ndio nilikuwa nasimamia wenye kuchota. Ilikuwa kisima moja tu, hiyo yake, kwa sababu chemchemi tuliwachia kijiji."

Mzee mmoja akaguna, kama kumwonya. Mathew akakaa.

Weldon alitafuta kalamu. Nami sikungoja. Nilienda ubaoni, nikachukua kipande cha chaki, nikafanya kazi ninayoijua. Mtungi wa lita ishirini kwa dakika tatu ni lita elfu tisa na mia sita kwa siku nzima. Kwa dakika tano na nusu ni lita elfu tano mia mbili na kitu. Chemchemi ilikuwa imepoteza lita elfu nne mia tatu sitini kila siku. Kisha nikaandika upande wa pili: pipa ishirini na mbili, lita mia mbili kila moja, elfu nne na mia nne.

Nilirudia mara mbili, maana sikuamini mkono wangu. Weldon alikuja akasimama karibu nami.

"Hesabu za ardhi hazilinganangi hivi," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa kuna bahati kidogo. Lakini hata ningetoa nusu, bado ni maji yale yale." Akawageukia watu. "Pampu yangu itavuta mara kumi ya matanga, kila siku, na haitakuwa na siku ya kuisha kama matanga. Kisima hakichimbwi hapo kabla sijapima upya. Na kitabu hiki ndicho kitakuwa cha kwanza kwenye meza yangu."

Hakukuwa na makofi. Watu walitoka mmoja mmoja. Wanawake wawili walisimama mlangoni wakimngoja Mama Jescah, na mmoja akambebea mfuko wa madaftari bila kuombwa. Mfuko huo ulikuwa mwepesi, lakini alimbebea hadi nyumbani.

Weldon alikaa kwetu wiki tatu akipima. Kisima cha mashine kimechimbwa upande wa pili wa barabara, kule kwenye mgongo wa kilima, na bomba limekuwa refu. Februari imepita, chemchemi inajaza mtungi kwa dakika tatu na sekunde kumi, na Shikhondi bado inatembea.

Lakini nataka kumalizia asubuhi ya kesho yake baada ya mkutano, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa nimeamka mapema kumpelekea Mama Jescah chaki, boksi zima, mpya. Nilimkuta kisimani na kamba mkononi. Mathew alikuwa anapita geti, mara ya kwanza kwa miaka sita.

"Mulamwa," akasema.

"Karibu, mulamwa."

Alisimama upande wa pili wa kisima alichokichimba ndugu yake. "Ulijua?"

"Nilijua siku ya tatu."

"Miaka sita! Tumekusogezea mtungi kama mbwa. Mimi nimekupita kwa njia kama sikuoni. Mbona hukusema, hata kwangu tu?"

Mama Jescah aliteremsha kamba hadi fundo lake, akangoja kidogo, akaivuta. Akatazama chaki ilipolowa.

"Mlikuwa mmekuja kunililia Wanzala," akasema. "Ningewahesabia maji?"

Mathew alijifuta uso kwa kofia. Mimi niligeuka nikaangalia miwa, na siwadanganyi, nilikuwa nalia pia. Tulipotulia, Mama Jescah aliingia nyumbani akatoka na daftari la 2019 na kalamu, akalifungua kwenye ukurasa ule, akampa. Akateremka peke yake kwenda chemchemini, maana saa ilikuwa inapita.

Mathew alikaa kwenye ukingo wa kisima muda mrefu, daftari likiwa magotini. Kisha akaandika kwenye safu ya maelezo, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, maneno yale yale mara nne: "Tulichota sisi." Mwandiko wake ni mbaya, lakini unasomeka.